Reli moja haikuzuia vita: masomo ya Afrika Mashariki kwa wanaotetea serikali ya shirikisho ya dunia

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Kagera. Yakafika mtoni, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwaka mmoja na miezi kadhaa tu nyuma, Uganda na Tanzania zilikuwa zimo katika Jumuiya moja, ile ya Afrika Mashariki, pamoja na Kenya. Hadi 1977 zilikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na simu, Mahakama ya Rufani moja, na ndege zenye nembo moja. Hata mvua ya Kampala na ya Dar es Salaam ilitabiriwa na idara moja.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema nchi zikifanya biashara pamoja na kushirikiana huduma basi vita vitajifia vyenyewe, mwulize kuhusu Kyaka.

Wanaoandika hoja ya serikali ya shirikisho ya dunia huanzia Geneva au New York. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ukanda huu umetia saini tamko la shirikisho, mkataba wa jumuiya iliyovunjika, hati ya muungano unaodumu hadi leo, na mkataba wa pili wa jumuiya ambao kikomo chake ni shirikisho la kisiasa. Makosa karibu yote yanayoweza kufanywa na dunia nzima, sisi tumeyafanya tukiwa nchi tatu. Haya yameandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kuitetea hoja hiyo, kwenye mdahalo wa chuo, kwenye chama cha amani au mbele ya wabunge, asije akaanza pale tulipoanzia.

Hoja yenyewe ni fupi. Ndani ya nchi, wawili wakigombania mpaka wa shamba, yupo wa kuwaamua hata kama hawampendi. Nchi mbili zikigombania mpaka hakuna wa lazima. Kuna wa kuombwa. Shirikisho linataka nchi zibaki na serikali zao, bendera zao na sheria zao za ndoa na ardhi, ila mambo machache, hasa silaha na uvamizi, yaamuliwe na chombo cha juu chenye bunge, mahakama na mfuko wake. Neno zito hapo ni "machache", na mafundisho yetu mengi yanalizunguka neno hilo.

Mlango uliofunguka mara moja

Juni 1960, akiwa Addis Ababa, Nyerere alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ikiwa hilo lingeziwezesha nchi za Afrika Mashariki kupata uhuru pamoja zikiwa shirikisho. Wengi waliliona wazo hilo kama ndoto. Lilikuwa hesabu. Nyerere alijua kwamba nchi ikishapata bendera, wimbo, mabalozi na kiti Umoja wa Mataifa, watakuwapo watu wengi ambao riziki na heshima yao vimekaa juu ya vitu hivyo, na hawatavitoa.

Ikawa hivyo. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitia saini Nairobi tamko la kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Kisha wataalamu wakaketi kuandika, na hapo ndipo mambo yalipoanza kukwama, si kwenye kanuni za amani bali kwenye vitu vya kushikika: nani atakopa nje, uraia uwe mmoja au mitatu, mji mkuu uwe wapi, kila nchi ibaki na kiti chake New York au kimoja kitoshe. Uganda ilikuwa na Buganda ndani yake, ufalme uliokuwa umegoma kumezwa na Uganda yenyewe, seuze na Afrika Mashariki nzima. Nkrumah naye alikuwa akipinga mashirikisho ya kikanda kwa hoja kwamba yataichelewesha Afrika moja. Padogo pako si kama pakubwa pa mwenzako. Mwaka ukaisha bila shirikisho.

Kosa lililofanyika ni kutangaza tarehe kabla ya kuandika orodha ya mamlaka. Ukitaja tarehe kwanza, kila anayejadili anajua kwamba akichelewesha tu ameshinda, kwani tarehe ikipita ndoto inaonekana imekufa. Kosa hilo tulilirudia 2004, tulipounda kamati ya kuharakisha shirikisho chini ya Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, na tukalirudia tena na sarafu moja iliyopangwa kuwapo 2024. Sarafu haipo. Anayeandika hoja ya dunia aache kabisa kuandika "ifikapo mwaka fulani". Aandike masharti: mamlaka haya yanaanza nchi kadhaa zenye idadi fulani ya watu zikisharidhia. Wamarekani walifanya hivyo 1787. Katiba yao ilisema majimbo 9 kati ya 13 yakikubali, inaanza kazi kwa hayo yaliyokubali. Rhode Island ilijiunga ya mwisho, Mei 1790, baada ya kuona wenzake hawakuisubiri.

Muungano uliofanikiwa, na bei yake

Miezi michache baada ya tamko la Nairobi kufifia, nchi mbili ziliungana kwa siku chache. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964; jeshi la Tanganyika liliasi tarehe 20 mwezi huo huo; Hati za Muungano zikatiwa saini na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili na kuanza kazi tarehe 26. Zanzibar ilikuwa imeingia Umoja wa Mataifa Desemba 1963, kwa hiyo kiti chake ilikikalia miezi minne na siku kidogo. Ni nchi chache sana duniani zilizowahi kutoa kiti hicho kwa hiari, na hii ni mojawapo, ingawa mjadala wa hiari hiyo ilikuwa ya nani haujafungwa mpaka leo.

Hofu ndiyo iliyofanya kazi ambayo hotuba zilishindwa. Anayetaka kuitetea serikali ya dunia lazima akiri hilo: milango ya aina hii hufunguka kwenye mtikisiko na kujifunga upesi. San Francisco 1945, ulipoandikwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ulikuwa mtikisiko, na walioingia na rasimu mkononi ndio waliopata walichotaka. Maana yake kwa vitendo ni kwamba rasimu iandaliwe sasa, wakati hakuna anayeisikiliza.

Lakini kazi ya haraka huacha mishono. Mambo ya Muungano yalikuwa 11: katiba, mambo ya nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, mikopo na biashara ya nje, utumishi wa Muungano, kodi kadhaa, na bandari pamoja na usafiri wa anga na posta. Leo orodha ina mambo 22. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake. Fedha na benki, kwa mfano, ziliongezwa 1965 baada ya Afrika Mashariki kuamua kuachana na shilingi ya pamoja. Ila kwa aliye mdogo, orodha inayorefuka ni mkono unaozidi kuingia mfukoni mwake, hata kama kila kidole kina maelezo mazuri. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992 ililazimika kujitoa 1993, kwa kuwa mambo ya nje si yake. Tume ya Jaji Warioba ilipoleta rasimu ya katiba 2013, ilipendekeza mambo ya Muungano yapunguzwe hadi 7 na serikali ziwe tatu. Bunge Maalumu la 2014 likabaki na mbili.

Mshono mwingine ni huo wa serikali mbili. Serikali ya Muungano ndiyo hiyo hiyo inayosimamia mambo ya Bara yasiyo ya Muungano. Mzanzibari akiingia ofisini Dodoma hajui kama yuko kwa ndugu wa pamoja au kwa jirani. Kwa dunia, somo ni la moja kwa moja: chombo cha shirikisho kisiwe ofisi ya pili ya mshirika mkubwa. Kisikae kwenye jengo lake, kisitegemee majasusi wake, wala kisitumie ndege zake za kijeshi pasipo mkataba wa kukodi. Fikiria jinsi viza za wajumbe wanaokwenda makao makuu ya New York zinavyotolewa na nchi moja.

Kisha kuna kura. Sensa ya 2022 iliipa Zanzibar watu 1,889,773 na Bara 59,851,347. Ukigawa kura kwa vichwa, Bara ni kubwa zaidi ya mara 31 na Zanzibar haina sababu ya kuhudhuria. Ukisema kila upande sauti moja, mtu wa Bara atauliza kwa nini kura yake ni sehemu ya thelathini ya kura ya mwenzake. Kuna njia ya kati ambayo watu wa mahesabu ya uchaguzi wanaipenda: tumia kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Bara inapata kama 7,736, Zanzibar 1,375, tofauti inashuka hadi mara 5.6. Ifanyie dunia hesabu hiyo hiyo. India yenye watu takriban bilioni 1.4 inapata kama 37,400. Tuvalu yenye watu takriban 11,000 inapata 105. Kutoka tofauti ya zaidi ya mara laki moja unafika mara 350 na kitu. Haimfurahishi yeyote, na ndiyo sababu inajadilika. Usiende kwenye mdahalo bila hesabu hii, kwa sababu swali la "China itatutawala?" ndilo la kwanza kuulizwa.

Marais watatu na kiti kimoja kitupu

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi Desemba mosi mwaka huo. Ulikuwa mkataba wa watu makini. Makao makuu Arusha, benki ya maendeleo Kampala, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala. Kulikuwa na kodi maalumu ya kuvilinda viwanda vya Tanzania na Uganda dhidi ya vya Kenya vilivyotangulia. Kuna watu hufikiri uliandikwa ovyo, sivyo.

Kasoro ilikuwa kileleni. Chombo cha juu kabisa, Mamlaka, kilikuwa marais watatu, na kila mmoja aliweza kuzuia. Tarehe 25 Januari 1971 Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kuketi naye, na kimaadili ni vigumu kumlaumu. Lakini Mamlaka haikukutana tena hata siku moja hadi Jumuiya ilipokufa. Shirika la nchi tatu lililoajiri maelfu ya watu liliendeshwa miaka sita bila kikao cha juu, kwa kuwa lilijengwa juu ya watu watatu kusalimiana.

Fedha zikafuata. Mapato ya treni na ndege yalikusanywa katika kila nchi na kutakiwa kupelekwa makao makuu. Uhaba wa fedha za kigeni ulipobana katikati ya miaka ya 1970, pesa zilianza kukaa zilikokusanywa. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likaanguka na Kenya ikaanzisha lake. Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, magari ya watalii yakakwama upande huu, na mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kufikia mwisho wa Juni 1977 bajeti ya pamoja haikupitishwa na Jumuiya ikazimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Kuvunja kuligharimu kuliko kujenga. Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alihangaika na mgawanyo wa mali hadi makubaliano yaliyotiwa saini Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba ya kuhesabu mabehewa! Na wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wakidai mafao yao Tanzania zaidi ya miaka 25 baada ya kuvunjika. Waliochanga pensheni wakiwa vijana walikuja kuandamana wakiwa wazee wa mikongojo. Rasimu yoyote ya shirikisho ambayo haina kifungu cha namna ya kutoka, nani anabeba deni, nani analipa pensheni, mali inathaminiwa na nani, haijakamilika. Kukaa kimya kuhusu talaka hakuzuii talaka.

Vita vya Kagera vilipokuja, hakukuwa na mlango wa kugonga. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliomba pande zote zisitishe mapigano, na haukumlaani mvamizi. Novemba 2 Nyerere alisema: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita Watanzania waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18; waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka kwamba miezi hiyo ilipita na mikanda haikulegezwa. Kuna anayesema vita vile vilikuwa vya haki, na huenda ni kweli. Hoja ya shirikisho haipingi hilo. Inasema tu kwamba haki iliyotegemea kama aliyevamiwa ana jeshi la kutosha ni bahati, na Eritrea, tutakayoirudia mbele, haikuwa na bahati hiyo.

Jedwali la safu nne

Kutokana na 1967 hadi 1979 unaweza kutengeneza kifaa cha kupimia rasimu yoyote. Chora safu nne. Ya kwanza, jambo lenyewe. Ya pili, nani anaamua na kwa kura ngapi. Ya tatu, fedha zinatoka wapi, na je, zinapita mkononi mwa nani kabla ya kufika. Ya nne, mtu akikataa, nani anakwenda kumkamata. Andika "mtu", usiandike "nchi". Mstari wenye safu tupu ni shairi.

Jumuiya ya 1967: jambo, reli na soko; wanaamua watatu kwa kauli moja; fedha zinapita kwa kila nchi; wa kumkamata aliyekataa, hakuna. Safu tatu mbovu, na kamba hukatikia pabovu.

Umoja wa Mataifa: jambo, amani ya dunia, linaamua Baraza la Usalama lenye wajumbe 15, na watano kati yao wana kura ya turufu, yaani kila mmoja aweza kuzuia uamuzi peke yake, fedha ni michango ya nchi, majeshi yangetolewa na wanachama kwa makubaliano ya Ibara ya 43, ambayo tangu 1945 hayajawahi kutiwa saini hata moja. Bajeti ya kawaida ya 2025 ilikuwa dola bilioni 3.72. Matumizi ya kijeshi ya dunia mwaka 2024 yalikadiriwa kuwa dola bilioni 2,718. Ukitoa dola 700 kununua mapanga na dola moja kumlipa msuluhishi, usimshangae msuluhishi kwa kuchelewa.

Sasa jaza jedwali la serikali ya dunia kama inavyopendekezwa na watetezi makini. Jambo: silaha za nyuklia na za sumu, na kuvuka mpaka kwa silaha. Mawili hayo yatoshe kwa kuanzia. Kuna wanaotaka kuongeza tabianchi, wakimbizi, kodi za makampuni, mitandao; kila moja ni muhimu, na kila moja inakupunguzia nchi kumi za kuridhia. Kuamua: mabunge mawili, moja la nchi na moja la watu kwa kipeuo cha pili, theluthi mbili katika kila moja. Turufu isiwepo. Fedha: chanzo ambacho hakipiti hazina ya nchi yoyote. Hili halihitaji miujiza. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 umeshatamka kwamba madini ya sakafu ya bahari kuu ni urithi wa pamoja wa wanadamu na umeweka mamlaka yake Kingston, Jamaika. Ufaransa ilianza 2006 kutoza ushuru kwenye tiketi za ndege kwa ajili ya dawa za maradhi ya nchi maskini. Ushuru mdogo wa safari za kimataifa unaolipwa moja kwa moja kwenye mfuko wa shirikisho ni jambo la kiufundi tu.

Safu ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Kuiadhibu nchi maana yake ni vita au vikwazo, na vikwazo humpiga muuza nyanya kabla ya kumfikia waziri. Ndiyo maana watetezi wa shirikisho la dunia walisukuma sana Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambayo mkataba wake ulipitishwa Roma Julai 1998 na kuanza kazi Julai 2002. Inashtaki mtu kwa jina lake. Sisi tumeiona kwa karibu, nguvu zake na udhaifu wake. Agosti 2010 Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, akiwa ametolewa hati ya kukamatwa na mahakama hiyo, alikuja Nairobi kwenye sherehe ya katiba mpya na akarudi Khartoum salama. Kenya, mwanachama wa mkataba huo, haikumgusa. Kesi zilizotokana na ghasia za 2007 na 2008 nchini Kenya zilikwama moja baada ya nyingine, mahakama ikitaja kuingiliwa kwa mashahidi. Burundi ilijitoa rasmi Oktoba 2017. Mahakama isiyo na polisi wake huomba polisi wa mshtakiwa wamkamate mshtakiwa. Rasimu lazima iseme polisi hao ni wangapi, wanalipwa na nani, na wanaweza kuingia wapi bila ruhusa.

Na waamuzi walindwe dhidi ya wanaoamuliwa. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya kuapishwa katika Bunge la Jumuiya kwa sababu ya namna walivyochaguliwa. Kabla Desemba haijaisha, wakuu wa nchi walikuwa wamekubali kurekebisha Mkataba: sababu mpya za kuwaondoa majaji, ngazi ya rufani, na ukomo wa miezi miwili wa kufungua shauri. Ukomo huo umezifunga kesi nyingi za wananchi tangu hapo. Kwa hiyo vifungu vya mahakama virekebishwe kwa kura ngumu kuliko vifungu vingine vyote, na si kwa saini za wale wale waliokwisha kushindwa kesi.

Jumuiya ya pili

Mkataba wa sasa ulitiwa saini Novemba 30, 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Ulipanga ngazi: umoja wa forodha, uliokuja 2005; soko la pamoja, 2010; umoja wa fedha, ambao itifaki yake ni ya 2013; mwisho kabisa shirikisho la kisiasa. Wazo lilikuwa kwamba kila ngazi itaivuta inayofuata. Imekuwa kinyume. Kila ngazi imekwama kwa kukosa ile ya juu, kwa sababu hakuna mwenye mamlaka ya kumlazimisha anayekaidi. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna mwishoni mwa Februari 2019 kwa mgogoro wake na Uganda, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu, ndani ya soko la pamoja. Maamuzi ya Wakuu bado ni ya maridhiano, na kwa miaka mingi michango ya nchi ilikuwa sawa kwa sawa, hivyo mwenye uchumi mdogo kabisa alitakiwa kulipa kama Kenya, na malimbikizo ya madeni hayakuisha.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga 2022. Kikosi cha Jumuiya kikaingia mashariki mwa Kongo Novemba mwaka huo, kikaondoka Desemba 2023 Kinshasa ilipokataa kuongeza muda, kwa madai kwamba hakiwapigi waasi wa M23. Januari 2025 Goma, mji mkubwa wa eneo hilo, ikaanguka mikononi mwa waasi hao. Kongo inaishutumu Rwanda kuwa nyuma ya M23, Rwanda inakanusha, na zote mbili zina viti Arusha. Kikosi kile kilikuwa na safu ya kwanza tu ya jedwali.

Kuna pingamizi moja ambalo watetezi wengi hulikwepa, nalo ndilo zito kuliko yote. Amin alipowatesa Waganda, walivuka mpaka. Obote mwenyewe aliishi Tanzania miaka mingi ya utawala ule, na waliomrudisha nyumbani walitoka huku. Serikali ya dunia ikigeuka dhalimu, utavukia wapi? Kusema "haitageuka" si jibu. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952, kwa azimio la Umoja wa Mataifa wenyewe. 1962 mfalme akaimeza, New York ikanyamaza, na vita vikachukua miaka thelathini. Nigeria ilikuwa shirikisho pale Biafra, sehemu yake iliyotaka kujitenga, ilipowaka vita. Jibu linalostahili ni la vifungu: shirikisho lisiwe na mamlaka juu ya hifadhi ya wakimbizi wa kisiasa, polisi wa kawaida wabaki wa nchi, jeshi la dunia liwe dogo kuliko majeshi ya nchi tatu kubwa yakijumlishwa, na mamlaka yasiyotajwa yabaki chini. Atakayekuambia vifungu hivyo vinaifanya serikali hiyo kuwa dhaifu, mkubalie. Dhaifu kiasi hicho ndiko kunakotakiwa.

Njia ya kisheria ya kufika huko ipo, na imefungwa kwa kufuli nzuri. Ibara ya 109 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu mkutano wa kuupitia upya Mkataba kwa theluthi mbili za Baraza Kuu na kura tisa za Baraza la Usalama, na turufu haitumiki katika kuuitisha. Ila mabadiliko yatakayotoka humo lazima yaridhiwe na wote watano wenye turufu. Hivyo mkutano unawezekana, matokeo yanazuilika. Wenye subira wanasema itisheni mkutano kwa ajili ya kuziaibisha turufu hadharani. Wengine wanasema anzeni nje, kama Roma 1998, na wanaotaka. Uzoefu wetu unaegemea hao wa pili.

Mwisho, watu. Mwaka 2006 na 2007 wananchi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliulizwa kuhusu kuharakisha shirikisho. Watanzania wengi walikubali shirikisho na kukataa haraka. Hofu yao haikuwa turufu wala mahakama, ilikuwa ardhi. Ukienda kijijini na hoja ya serikali ya dunia, hilo ndilo utakaloulizwa kabla hujakaa: shamba langu atakuja kulichukua nani? Itifaki ya Soko la Pamoja ilijibu kwa Ibara yake ya 15, kwamba ardhi itabaki chini ya sera na sheria za kila nchi. Kama rasimu yako ina ibara ya namna hiyo, ifungue ukurasa huo kwanza, usome kwa sauti, halafu ndipo uanze habari za nyuklia.